Matunda na mifupa ya mama aliyekoma hedhi: kuna ukweli au tunapigwa?

#1 Mwana wa Chumbageni
Wakuu habari zenu. Naomba kueleweshwa, maana nyumbani kumegeuka bunge.

Bi mkubwa ana miaka 59. Juzi kati aliteleza mlangoni mwa bafu, akatanguliza mkono, kifundo kikavunjika. Hakuanguka kutoka juu, ni pale pale alipokuwa amesimama. Daktari akasema kuanguka kwa namna hiyo hakumvunji mtu mwenye mifupa mizima, akaagiza kipimo cha msongamano wa mifupa, kile cha DEXA. Alama ya T (ile inayolinganisha mifupa yako na ya kijana mwenye afya) imekuja hasi 2.7. Wameandika osteoporosisi, yaani mifupa imepungua na inavunjika kirahisi, wakampa kidonge cha kumeza mara moja kwa wiki na kalsiamu ya kila siku.

Sasa kwenye grupu la familia imeingia sauti ya mtu anayejiita mtaalamu wa lishe. Anasema ukishakoma hedhi achana na maziwa, achana na vidonge, kula plamsi kavu sita kila siku (zile nyeusi zilizokunjamana za supamaketi) na matunda kwa wingi, miezi mitatu tu mifupa inarudi ya msichana wa miaka 20. Mama wadogo wameshachangishana, katoni iko njiani. Bi mkubwa naye kidonge ameanza kukitazama kwa jicho la pembeni.

Hivi matunda yana nguvu hiyo kweli? Nataka majibu ya wanaojua, siyo ya "nilisikia".

#2 Kizibo
Umetaka wanaojua, basi mimi nakaa kimya. Nimevuta kigoda.

#3 Mamaa Tabata
Pole kwa bi mkubwa. Mimi nina 54, hedhi ilikata nikiwa na 49. Tangu hapo papai na chungwa haviniishi ndani, na sijawahi kuumwa mfupa hata mmoja. Machungwa yana kalsiamu nyingi sana, watu hawajui tu. Mpe machungwa ya Muheza, si yako hapo hapo mkoani kwenu.

#4 Nesi Mstaafu
Mamaa Tabata, chungwa moja la wastani lina kalsiamu kama miligramu 50 hadi 60. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina karibu 300. Mwanamke aliyepita miaka 50 Wamarekani wanamwekea 1,200 kwa siku, Waingereza wanasema 700 inamtosha. Kuifikia hiyo ya Wamarekani kwa machungwa peke yake utakula zaidi ya 20 kila siku. Na hilo la kutoumwa lisikupe moyo, mifupa kupungua hakuumi. Wengi wanajua siku wanayovunjika.

Mfupa haukai kama ulivyo tangu ukue. Ndani yake kuna mafundi wa aina mbili, mmoja anabomoa palipochakaa, mwingine anajenga upya. Estrojeni, homoni ya kike, ndiyo inayomshika mkono mbomoaji. Hedhi ikikoma estrojeni inashuka, mbomoaji anaachiwa, mjenzi hamfikii. Miaka 5 hadi 7 ya mwanzo mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa wake. Kwa hiyo huyo wa "miezi mitatu unarudi msichana" muulize estrojeni ya msichana ataitoa wapi.

Kidonge asiache, na matunda aendelee kula. Sioni ugomvi kati ya viwili hivyo.

#5 Kizibo
Machungwa 20 kwa siku. Tabata nzima itanuka maganda.

#6 Kalamu Nyekundu
Mleta uzi, hiyo sauti imeokota ukweli kidogo ikaumwagia chumvi. Plamsi kavu zimefanyiwa utafiti kweli, tena kwa wanawake waliokoma hedhi.

Uliovuma mwanzo ni wa Florida, timu ya Bahram Arjmandi, 2011. Wanawake ambao mifupa yao imeanza kupungua, kundi moja likala gramu 100 za plamsi kavu kwa siku, jingine likala matufaha makavu, mwaka mzima. Waliokula plamsi walitoka na msongamano mzuri zaidi kwenye mfupa wa mkono na kwenye pingili za mgongo.

Mkubwa zaidi ni wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Mary Jane De Souza na wenzake, 2022. Wanawake 235 wa miaka 55 hadi 75, miezi 12. Ambao hawakula plamsi walipoteza asilimia 1.1 ya msongamano wa nyonga. Waliokula gramu 50, yaani hizo hizo tano au sita, walipoteza asilimia 0.3. Soma tena hapo: WALIPOTEZA, ila kidogo. Hakuna aliyerudi usichana. Na katika tafiti zote mbili kila mtu alikuwa anapewa kalsiamu na vitamini D juu yake, kwa hiyo hakuna aliyeambiwa "achana na vyote ule plamsi".

Ambalo wenye sauti za grupu hawalisemi: fedha za huo wa Pennsylvania zilitoka kwenye bodi ya plamsi kavu ya California. Siyo kwamba ni uongo, ila ujue mfuko ulikotoka.

#7 Kizibo
Kalamu, na waliokula gramu 100 ikawaje? Naulizia kwa sababu hizo plamsi mimi nazijua kwa kazi nyingine kabisa, kazi ya chooni.

#8 Kalamu Nyekundu
Huko Pennsylvania asilimia 41 ya kundi la gramu 100 waliacha njiani. Kula kiasi hicho kila siku mwaka mzima si mchezo. Watafiti wenyewe wakaishia kusema gramu 50 ndiyo mtu anaweza kuishi nayo.

#9 Kizibo
Nimeuliza nikajibiwa. Naheshimu hiyo asilimia 41, ni mashujaa.

#10 Mshambaa wa Soni
Yaani mnaagiza katoni za California na sisi huku Lushoto mwisho wa mwaka plamsi zinatuozea? Panda kutoka Mombo, ukifika Soni hujazima gari vijana wameshakuwekea ndoo dirishani. Bei ya pakiti moja ya supamaketi unanunua mpaka unashindwa kubeba.

Shida moja. Nilijaribu kuzianika juu ya bati, siku ya pili zikaanza povu, siku ya tatu nyumba inanuka kilabu. Mwenye ujuzi wa kukausha aseme.

#11 Binti Mwera
Na zambarau je? Si ndizo plamsi zetu za asili? Huku pwani zinaanguka bure, watoto wanarudi ulimi wote wa rangi.

#12 Karafuu Kavu
Binti Mwera, hapana. Mzambarau ni ndugu wa mkarafuu na mpera. Mplamsi uko ukoo mmoja na waridi na mtufaha. Zinafanana rangi tu, huwezi kuchukua majibu ya utafiti wa hili ukalivisha lile. Kuleni zambarau kwa sababu ni tamu.

Mshambaa, hizo za kukausha wanatumia aina maalumu za Ulaya zenye sukari nyingi, zinakauka na kokwa ndani bila kuchacha. Za kwako zina maji. Zipasue, toa kokwa, tandaza kwenye kikaushio cha jua kilichofunikwa na chenye kupitisha hewa. Bati tupu linazichemsha.

#13 Mzee wa Kishapu
Haya yote ni mambo ya wazungu na maabara zao. Bibi yangu hakuijua plamsi, hakukijua kidonge, maziwa alikunywa ng'ombe akiwa na maziwa. Alikula ugali wa mtama, mlenda, matunda ya porini, alikufa mzee kabisa na hajavunjika hata kidole. Mama zenu wanavunjika kwa chipsi, soda na kukaa kwenye makochi.

#14 Kalamu Nyekundu
Mzee, kuna kitu hapo na kimewasumbua hata hao wenye maabara. Gambia, kijiji cha Keneba, Ann Prentice na wenzake wamewafuatilia wanawake wa kule miaka mingi. Kalsiamu waliyokuwa wakila ilikuwa kama miligramu 300 hadi 400 kwa siku, mifupa yao kwenye kipimo haikuwa mizito kuwashinda Waingereza, na bado kuvunjika kulikuwa nadra. Wengine wanasema ni kazi za mwili, wengine ni umbo la nyonga, wengine wanasema ni watu wachache tu waliofika umri wa kuvunjika. Lakini matunda ya porini sijaona aliyeyapa sifa hiyo.

#15 Mzee wa Kishapu
Hujaona kwa sababu hakuna aliyeyalipia utafiti. Furu na ntalali hazina bodi California.

#16 Shangazi Likoni
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo sikuachi. Hao nyanya zetu waliokuwa wakitembea wameinama hata mbele hawaoni, ule mgongo ulikunjwa na nini? Sisi twasema uzee, basi yamekwisha. Nani aliwapiga picha?

Mamangu alikuwa na dera lake moja la kijani alipenda mno. Alipolishona lilimfika vifundoni. Miaka ikienda nikaona lamburura, yuwalikunja kiunoni na kulikaza kwa leso ndipo aweze kupanda ngazi. Sisi twacheka, twamwambia kitambaa kimelegea kwa kufuliwa. Akaja akapigwa picha ya kifua kwa sababu ya kikohozi, daktari akanionyesha kwenye kioo: pingili tatu za mgongo zimebonyea kwa mbele, zimekuwa na umbo la kabari. Hajaanguka maishani mwake. Kitambaa kilikuwa vilevile, yeye ndiye aliyefupika.

Sasa ningekwambia kabla ya ile picha, nami ningesema mamangu hajavunjika hata kidole.

#17 Mamaa Tabata
Shangazi umenikata maini. Naenda kujipima urefu ukutani sasa hivi.

#18 Nesi Mstaafu
Shangazi Likoni kagusa penyewe. Mwanamke akipungua urefu sentimita nne na kuendelea, mgongo ukaanza kukunjika, hiyo ni sababu ya kwenda kupigwa picha hata kama haumwi. Pingili zinabonyea kimyakimya.

Na hapo hapo nimjibu Mzee kuhusu kazi za mwili. Ni kweli kutembea, kupanda ngazi na kubeba mzigo wa kiasi kunausaidia mfupa. Ila ambaye pingili zimeshabonyea msimrudishie ndoo ya lita 20 kichwani eti mazoezi ya asili.

#19 Mwana wa Chumbageni
Asanteni wakuu, nasoma kila kitu. Niongeze jambo. Hicho kidonge cha wiki (alendroneti) bi mkubwa anakimeza Jumapili asubuhi kabla ya kwenda kanisani. Anasema kinamkwaruza koo, kwa hiyo anakisukumia na glasi ya juisi ya machungwa aliyokamua mwenyewe, halafu anajinyoosha kidogo mpaka muda wa ibada. Nilidhani juisi ni nzuri maana ni tunda.

#20 Mfamasia wa Kona
Simama hapo hapo!

Alendroneti ni dawa inayoingia mwilini kwa shida hata ukifuata masharti yote. Ukiinywa na juisi ya machungwa au kahawa, kiasi kinachoingia kinapungua kwa takriban asilimia 60. Kwa hiyo huyo mama anameza dawa ya wiki nzima na sehemu kubwa inaishia chooni.

Masharti yake: akiamka, tumbo tupu, glasi moja kubwa ya maji matupu. Siyo maji ya chupa yenye madini mengi, siyo maziwa, siyo chai. Halafu nusu saa nzima awe amekaa wima au anatembea, asile chochote, ASILALE. Kujinyoosha ndiko kunakoirudisha dawa kooni ikaunguza umio. Huko kukwaruzwa anakolalamikia nina wasiwasi kunatokana na hicho, na amwambie daktari wake kabla ya kumeza kingine, kuna watu hubadilishiwa wakapewa ya sindano.

Juisi anywe baadaye na chai yake.

#21 Kizibo
Uzi ulianza kuuliza kama tunda linatibu mfupa, sasa tunda limekamatwa linaiba dawa.

#22 Umm Salma, Maskati
Salaam. Mnazungumza matunda na vidonge, jua hamlitaji. Mimi niko Oman, jua letu linakaanga yai, na bado daktari alinipima vitamini D akakuta iko chini kabisa. Nyumba ina kiyoyozi, gari lina kiyoyozi, nje nimejifunika, ngozi inaliona jua saa ngapi? Bila vitamini D hiyo kalsiamu mnayohesabu inapita tu utumboni. Tunda haliwezi kukupa vitamini D. Nilipewa vidonge vya dozi kubwa mara moja kwa wiki, sasa niko sawa.

Tende je? Huku hatulali bila tende, na wakubwa wetu wanaamini zinashika mifupa.

#23 Mamaa Tabata
Nipo na Umm Salma kwenye tende. Zina kila kitu.

#24 Nesi Mstaafu
Tende zina potasiamu nyingi na magnesiamu, sawa. Zina pia sukari inayozidi asilimia 60 ya uzito wake. Mama wa miaka 60 mwenye kisukari usimwekee sahani ya tende eti mifupa. Plamsi kavu nazo zina sukari, karibu gramu 38 katika kila 100.

Kwenye haya mambo ya "asili haina madhara" kuna watu wawili wanaonitisha. Wa kwanza ni mwenye figo mbovu: ndizi, tende, parachichi, maji ya madafu, potasiamu inapanda mpaka moyo unasimama. Wa pili ni anayemeza wafarini ya kuzuia damu kuganda. Plamsi kavu zina vitamini K, na vitamini K inapingana na wafarini. Akianza ghafla kula sita kila siku bila kliniki kujua, vipimo vyake vinayumba. Mwana wa Chumbageni, hakikisha hata mmoja wa hao mama wadogo waliochangia katoni hayumo kwenye makundi haya.

#25 Mmeru wa Maji ya Chai
Nyie wa pwani hamjatuuliza sisi. Huku kwetu miteremko ya Mlima Meru maji yana madini ya floraidi kupita ile miligramu 1.5 kwa lita ya Shirika la Afya Duniani, na sehemu nyingine yanaipita mara nyingi. Meno yetu mnayajua, mnatutania kila siku. Ila kuna wazee hawawezi kugeuza shingo, migongo imekakamaa, na kuna watoto miguu imepinda. Wengine bado wanapikia magadi, nayo yana floraidi yake. Kwa hiyo mtu wa huku akivunjika msikimbilie kusema hedhi au hakula matunda. Muulizeni kwanza alikunywa maji ya wapi utotoni.

#26 Kalamu Nyekundu
Mmeru, umeleta kitu kikubwa kuliko unavyodhani. Kuna wakati floraidi ilijaribiwa kama DAWA ya osteoporosisi. Kliniki ya Mayo, Marekani, Lawrence Riggs na wenzake, 1990: wanawake 202 waliokoma hedhi, miaka minne, nusu wanapewa floraidi. Msongamano wa pingili za mgongo ukapanda asilimia 35. Kipimo kinapendeza kabisa. Lakini pingili hazikuacha kubonyea, na mifupa mingine ikavunjika zaidi kuliko ya wasiopewa. Mfupa ulikuwa mzito na bado mbovu.

Ndiyo maana hata zile tafiti za plamsi nazichukulia kwa adabu. Zilipima msongamano. Hazikuhesabu nani alivunjika na nani hakuvunjika, watu 235 kwa mwaka mmoja ni wachache kwa kazi hiyo.

Tena kuna wa Aberdeen, Uskoti, Helen Macdonald, 2008. Kulikuwa na nadharia kwamba nyama na nafaka zinaleta asidi, mwili unachota madini mifupani kuipooza, na matunda kwa potasiamu yake yanauokoa mfupa. Inasikika vizuri. Wakachukua wanawake 276 waliokoma hedhi, wengine wakapewa potasiamu ya vidonge, wengine wakaambiwa waongeze gramu 300 za matunda na mboga kila siku, miaka miwili. Mifupa haikujali. Iliendelea kupungua kama ya wengine.

#27 Karafuu Kavu
Kalamu, huo wa Aberdeen unaupa uzito kupita kiasi. Wale walikuwa wanawake wa Uskoti ambao tayari walikuwa wanakula vizuri, ukimwongezea aliyeshiba utaona nini? Nenda kamfanyie mama wa kijijini anayekula ugali na maharage mwaka mzima, chungwa analiona msimu tu. Huyo hata vitamini C ya kutengenezea kolajeni haimtoshi, na kolajeni ndiyo nyuzi zinazoshikilia madini ya mfupa. Pera moja lingemfanyia kazi kuliko katoni yenu.

#28 Kalamu Nyekundu
Inawezekana. Utafiti wa huyo mama wa kijijini niwekee hapa nisome.

#29 Mzee wa Kishapu
Nimefurahi sana leo. Kalamu kaja na tafiti nne: moja matunda yanasaidia, nyingine yanasaidia kidogo, nyingine hayasaidii, ya nne kipimo chenyewe kinadanganya. Mimi na bibi yangu tunaendelea na mlenda.

#30 Binti Mwera
Naomba kuuliza nje kidogo. Nilichoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu kwa miaka mingi. Kuna shoga yangu kaniambia inakula mifupa. Sasa nina 46, hedhi imeanza kuruka. Nimeshaharibikiwa?

#31 Nesi Mstaafu
Binti Mwera, tulia. Ile sindano inapunguza msongamano wa mifupa wakati unaitumia, kweli, na mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo juu yake mwaka 2004. Ukiacha, mfupa kwa sehemu kubwa unajirudi. La kwako ni kwamba umekaribia kukoma, muda wa kujirudi ni mfupi. Mwambie daktari hilo la sindano, akuangalie na mengine: uzito mdogo, sigara, mama yako kama alivunjika nyonga, dawa za prednisoloni za muda mrefu za pumu au baridi yabisi. Wanaotumia dawa za VVU zenye tenofoviri nao waulize kliniki, nayo inapunguza mfupa kiasi. Hakuna anayesema waache dawa, naandika kabla hajatokea mtu wa kusema.

#32 Mgogo wa Bahi
Mmezunguka dunia nzima ubuyu hamjautaja. Unga wa ubuyu mkavu, gramu 100 zina kalsiamu karibu miligramu 300. Mnakaribia glasi ya maziwa hapo, na vitamini C inaishinda ya chungwa mbali. Dodoma tunao wa kumwaga.

#33 Umm Salma, Maskati
Ubuyu wa Zanzibar ule mwekundu? Mimi nauagizia kila mtu akija.

#34 Mgogo wa Bahi
Huo wenu ni pipi dada. Sukari, rangi, iliki, mbegu unatema. Nasema unga mweupe unaotikiswa toka kwenye kibuyu chake.

#35 Karafuu Kavu
Mgogo, nani anakula gramu 100 za unga mkavu kwa siku? Kwenye glasi ya juisi unaingia vijiko viwili vitatu. Ni nyongeza nzuri, lakini tusimpandishe cheo.

Ukitaka kalsiamu ya bei ya kwetu bila maziwa kula dagaa, wale unaowatafuna na mifupa yao, usiwatoe vichwa wala miiba. Sukuma wiki nayo mwili unaichukua kalsiamu yake vizuri. Mchicha una kalsiamu nyingi kwenye karatasi, ila una oksaleti inayoishikilia, kidogo sana ndicho kinachoingia. Wengi wanajua mchicha ndio mboga ya mifupa kwa sababu ni wa kijani.

#36 Shangazi Likoni
Haya omena, hao dagaa wenu, nakubali. Mamangu alizila maisha yake yote, na pingili zake mwazijua. Mwasemaje hapo?

#37 Mamaa Tabata
Nimejipima ukutani. Kitambulisho cha kazini kinasema sentimita 162, ukuta unasema 160. Nani kadanganya?

#38 Kizibo
Mamaa, ulipopimwa ya kitambulisho ulivaa viatu gani?

#39 Mamaa Tabata
Kizibo sitaki utani na wewe leo.

#40 Kaka wa Makorora
Na sisi wanaume vipi? Maana naona uzi umetutenga.

#41 Nesi Mstaafu
Mnapungukiwa pia, ila taratibu, kwa sababu homoni zenu hazikatiki kwa mkupuo. Mnavunjika mkiwa na 70 na kuendelea, na mwanaume akivunjika nyonga anakuwa na hatari ya kufariki kuliko mwanamke. Pombe na sigara zinawaharakisha.

#42 Kaka wa Makorora
Bora ningenyamaza.

#43 Mzee wa Kishapu
Kalamu, sijakumaliza. Ulisema plamsi zina bodi iliyolipia utafiti. Na maziwa je? Hizo hesabu za glasi ya maziwa mnazotukaririsha, wenye ng'ombe hawana bodi?

#44 Kalamu Nyekundu
Wanayo, tena kubwa, na imelipia tafiti nyingi za maziwa. Hapo sibishani na wewe Mzee. Ndiyo maana huwa naangalia namba kwanza, halafu mfuko, halafu nani alivunjika.

#45 Mwana wa Chumbageni
Wakuu nimempigia bi mkubwa. Juisi amekubali kuihamishia kwenye chai ya saa nne, na kesho tunarudi kwa daktari kwa ajili ya koo. Katoni imefika, mama wadogo wanagawana. Mmoja wao ana presha na anatumia dawa za moyo, jina la dawa halijui, nimemwambia anitumie picha ya boksi kabla hajafungua pakiti.

#46 Mfamasia wa Kona
Ikija iweke hapa, ila ficha jina la mgonjwa na la hospitali.

#47 Mamaa Tabata
Mfamasia, swali moja na mimi. Hiyo kalsiamu ya kila siku, hiyo Jumapili anaweza kuimeza pamoja na kile kidonge cha wiki ili amalize vyote kwa mara moja?

#48 Mfamasia wa Kona
Hapana. Kalsiamu inakizuia kile kidonge kisiingie, kuliko hata juisi. Kidonge kwanza na maji, nusu saa ipite, ale. Kalsiamu aisogeze mpaka mlo wa mchana, na kama ni ya kabonati itaingia vizuri zaidi na chakula tumboni.